Safari ya Baiskeli Mlimani: Mteremko Uchaguliwe Kabla ya Mwinuko

Msafiri anayeiacha barabara kuu iendayo Moshi na Arusha pale Mombo, wilayani Korogwe, mkoani Tanga, huanza kupanda Milima ya Usambara karibu mara moja. Barabara ya lami inayomfikisha Lushoto, umbali wa takribani kilomita 33, imechongwa ubavuni mwa mlima. Upande mmoja ni mwamba na upande wa pili ni korongo la mto. Kwa abiria wa basi hiyo ni safari fupi. Kwa mwendesha baiskeli ni mtihani wa nusu siku, na sehemu ngumu ya mtihani huo huwa si ile aliyoiogopa alipokuwa akiondoka.

Barabara za namna hii huwavutia watu wa aina mbili. Wapo wanaopanda kwa ajili ya mazoezi, mashindano na utalii, na wapo wanaozitumia kila siku kutafuta riziki, wakishusha ndizi, kuni au mboga kutoka vijiji vya juu. Malengo yao yanatofautiana, lakini kanuni za mlima ni zilezile kwa wote. Makala haya yanaeleza mambo ya kuzingatia kabla ya kuamua ni barabara ipi ya mlimani inafaa kupitwa kwa baiskeli, na kwa nini uamuzi huo unapaswa kuanza na swali la namna ya kushuka.

Namna ya kusoma mwinuko

Ukali wa mwinuko wa barabara hupimwa kwa asilimia. Hesabu yake ni rahisi: kimo ambacho barabara imepanda, kwa mita, hugawanywa kwa umbali uliosafiriwa, pia kwa mita, kisha jibu huzidishwa kwa 100. Barabara inayopanda mita 60 katika kila kilomita moja ina mwinuko wa asilimia 6.

Hesabu hiyo ikifanywa kwa safari nzima inaweza kumpotosha mtu. Mombo ipo takribani mita 400 juu ya usawa wa bahari na Lushoto takribani mita 1,400. Kupanda mita 1,000 katika kilomita 33 ni wastani wa asilimia 3 tu, kiwango ambacho mtu mwenye afya njema hukimudu bila shida kubwa. Hata hivyo, barabara haipandi kwa usawa. Kutoka Mombo hadi Soni, ambayo ni kama nusu ya safari, barabara hupanda takribani mita 800. Hapo wastani unakaribia asilimia 5, na ndani ya kipande hicho yapo maeneo yaliyo makali zaidi pamoja na mengine yanayompa mtu nafasi ya kuvuta pumzi. Kutoka Soni hadi Lushoto hubaki takribani mita 200 tu za kupanda. Aliyejiandaa kwa asilimia 3 atakuwa amechoka kabla ya kufika Soni, na aliyeogopa mwendo mzima atakuta nusu ya pili ni nyepesi kuliko alivyodhani.

Kwa sababu hiyo, barabara ya mlimani isomwe kipande kwa kipande. Ramani zenye kipimo cha 1:50,000 huonesha mistari ya kontua. Mistari ikisongamana mahali ambapo barabara inaikata, mwinuko ni mkali. Programu za ramani za simu nazo huchora umbo la mwinuko wa safari, na wenyeji wa njia husika hujua kila mahali ambapo baiskeli hulazimika kusukumwa. Vyanzo hivyo vitatu vikitumiwa kwa pamoja, mshangao hupungua.

Kwa makadirio ya kawaida, mtu asiye mwanamichezo lakini mwenye mazoezi ya wastani, akiwa na baiskeli yenye gia nyepesi, huweza kupanda kimo cha mita 400 hadi 500 kwa saa. Kipimo hiki husaidia kupanga muda kuliko kilomita: kipande cha Mombo hadi Soni kitamchukua karibu saa mbili, mbali na muda wa kupumzika. Mwenye baiskeli isiyo na gia ajue kwamba atatembea sehemu ya njia, jambo ambalo si aibu wala hasara.

Funzo kutoka Kigali

Mwezi Septemba 2025, mji wa Kigali nchini Rwanda uliandaa Mashindano ya Dunia ya Baiskeli za Barabarani, yakiwa ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa na urefu wa kilomita 267.5, na kati ya washindani wote waliofika kwenye mstari wa kuanzia, ni 30 tu waliomaliza.

Njia ya mbio hizo inafundisha jambo kuhusu urefu na ukali. Mwinuko mmoja uliopewa jina la Ukuta wa Kigali ulikuwa na mita 400 tu kwa wastani wa asilimia 11, yaani kupanda mita 44 hivi. Mlima Kigali wenyewe ulikuwa na kilomita 5.9 kwa wastani wa asilimia 6.9, sawa na kupanda takribani mita 400. Asilimia ya kwanza inatisha zaidi kwenye karatasi, lakini mwinuko wa pili unadai kazi mara tisa zaidi. Anayelinganisha barabara mbili kwa asilimia peke yake hajazilinganisha bado.

Lipo funzo la pili, ambalo ni muhimu zaidi kwa mwananchi wa kawaida. Washindani wa Kigali walishuka kwa kasi kubwa katika barabara zilizofungwa, bila lori wala bodaboda mbele yao, huku magari ya huduma na wahudumu wa afya wakiwa karibu. Mwananchi anayeshuka kutoka Lushoto siku ya gulio hana ulinzi huo. Mwendo unaowezekana katika mashindano haufai kuwa kipimo katika barabara iliyo wazi kwa watumiaji wote.

Kushuka ndiyo ngoma

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Katika kupanda, mwili humlinda mwendeshaji: akichoka husimama, na kosa lake humgharimu muda tu. Katika kushuka, uzito humvuta hata asipotaka, na kosa dogo hukua kwa kila mita.

Chukua mfano wa mtu na baiskeli yake wenye jumla ya kilo 85. Kutoka Soni hadi Mombo wanashuka takribani mita 800, na nishati wanayoiachia njiani inatosha kuchemsha takribani lita mbili za maji ya kawaida. Nishati hiyo haipotei. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na msuguano wa matairi, na inayobaki lazima iishie kwenye breki kama joto. Akiongeza mzigo wa kilo 40, joto hilo litafikia la kuchemsha karibu lita tatu. Kwa baiskeli ambayo breki zake hubana rimu, kubana mfululizo kwa muda mrefu kunaweza kuipasha rimu moto kiasi cha kulegeza kiraka cha tyubu au kupasua tairi. Raba za breki zilizoisha hufanya hali kuwa mbaya zaidi, na rimu za chuma zikilowa maji, nguvu ya breki hupungua sana.

Kasi nayo ina hesabu yake. Kwa kilomita 40 kwa saa, mwendeshaji husafiri mita 11 katika kila sekunde, na sekunde moja ndiyo muda ambao mtu wa kawaida huhitaji kuiona hatari na kuanza kubana breki. Baada ya hapo, umbali wa kusimama huongezeka mara nne kila kasi inapoongezeka mara mbili, na kwenye mteremko huongezeka zaidi ya hapo. Kwenye kona ambayo mwendeshaji anaona mita 20 tu mbele yake, hawezi kusimama kwa wakati akiwa katika kasi hiyo, hata kama breki zake ni mpya.

Kwa hiyo, barabara inayofaa ni ile ambayo mteremko wake una sehemu za kupumzisha breki, kona zinazoonekana mapema na bega la barabara ambalo mtu anaweza kusimama salama. Mbinu inayoshauriwa ni kubana breki zote mbili kwa nguvu kabla ya kona, kisha kuziachia zipoe, badala ya kuzishikilia kidogokidogo njia nzima. Kila baada ya kilomita chache, mwendeshaji asimame nje ya barabara, akague matairi na kuacha rimu zipoe.

Magari na upana wa barabara

Mlima Kitonga, mkoani Iringa, ni miongoni mwa miinuko inayojulikana sana nchini. Mandhari yake inavutia na barabara yake ni ya lami. Lakini hiyo ndiyo barabara kuu kati ya Dar es Salaam na Zambia, na malori mazito hupanda na kushuka hapo usiku na mchana katika kona kali. Lori linalopanda polepole hupitwa na magari mengine, na anayepita huingia upande ambao mwendesha baiskeli anashukia. Mlima unaweza kuwa mzuri kwa kila kipimo cha mwinuko na bado usifae kwa baiskeli kwa sababu hiyo moja.

Barabara za mikoa na wilaya huwa na malori machache, ingawa nazo zina hatari zake. Lushoto ni eneo la kilimo cha mboga na matunda, hivyo siku za masoko magari ya mizigo, bodaboda na watembea kwa miguu huongezeka. Ni vyema kuuliza siku za gulio kabla ya kupanga safari. Aidha, Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamhusu pia mwendesha baiskeli: anapaswa kukaa upande wa kushoto, kutii alama na kutumia taa wakati wa giza. Kikundi kinachopanga mbio au msafara barabarani kinashauriwa kuwasiliana mapema na Kikosi cha Usalama Barabarani cha eneo husika.

Saa na majira

Katika ukanda wa kaskazini mashariki, mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Katika majira hayo milima huwa na ukungu, lami huteleza, na maporomoko ya udongo huweza kuacha mawe na tope kwenye kona. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) zifuatiliwe siku moja kabla ya safari na asubuhi yake. Matangazo ya kufungwa kwa barabara au kuwepo kwa matengenezo hutolewa na TANROADS kwa barabara kuu na za mikoa, na TARURA kwa barabara za vijijini na mijini.

Mombo ni pa joto, Lushoto ni pa baridi. Anayeanza kupanda saa 12:30 asubuhi hukwepa jua la bondeni na kufika juu kabla ya adhuhuri. Akivuka jasho jingi na kuanza kushuka bila koti, upepo humgandisha vidole, na vidole vilivyoganda havibani breki ipasavyo. Koti jepesi na glavu ni vifaa vya usalama sawa na kofia ngumu.

Ni muhimu pia kuweka saa ya kugeuka. Ikiwa mwendeshaji anataka kuwa bondeni saa 10:00 jioni, jua likiwa bado linaangaza, aanze kushuka kufikia saa 8:00 mchana hata kama hajafika alikokusudia. Mlima hautahama, na giza likimkuta kwenye kona za juu, kila kipimo alichokipanga hubatilika.

Kabla ya kuamua

Jaribio rahisi kuliko yote ni kuipitia barabara husika mara moja kwa basi, hasa wakati wa kushuka, na kuangalia mambo manne: kona zinazoficha magari, sehemu za kusimama, hali ya lami na wingi wa malori. Siku ya safari, breki zote mbili zijaribiwe kwenye mteremko mfupi karibu na nyumbani, raba zilizoisha zibadilishwe, na mtu mmoja asiyesafiri aachiwe taarifa ya njia na saa ya kurejea. Simu iwe na chaji. Namba ya dharura ya Polisi ni 112.

Ikiwa moja kati ya hayo halijakamilika, njia haijachaguliwa bado. Yapo mabasi kati ya Mombo na Lushoto, na mwendeshaji aliyepanda kwa nguvu zake kisha akaona mvua imeanza au breki zimelegea anaweza kuomba baiskeli yake ipakiwe, akashuka nayo kama abiria. Atakuwa ameupanda mlima uleule, na kesho yake bado atakuwa na baiskeli nzima ya kwenda nayo kazini.