Soma mgongo wa hedi kabla ya kuulizia wati

Anayetafuta hedi ya besi iliyotumika, yaani amplifaya ya gitaa la besi isiyo na spika ndani yake, karibu kila mara huanza na swali lilelile: ina wati ngapi? Muuzaji naye jibu analo, kwa kuwa namba hiyo imechapwa mbele kwa herufi kubwa. Swali hilo huwapoteza wanunuzi. Sikio halihesabu wati kama mfuko unavyohesabu shilingi. Wati zikiongezeka maradufu, kutoka 300 hadi 600, sauti hupanda desibeli 3 tu, tofauti ambayo mtu aliyekaa nyuma ya ukumbi huenda asiitambue. Ili sauti isikike imekua maradufu, zinatakiwa wati kama mara kumi. Lakini chukua spika inayotoa desibeli 6 zaidi kwa wati moja ileile, na umepata kile ambacho hedi ingekupa kwa kuzidishwa nguvu mara nne. Spika, basi, ina uzito kuliko wati, na jambo la kwanza la kulinganisha ni kama hedi na spika zinapatana; limeandikwa mgongoni, kando ya matundu ya spika, kwa herufi ndogo: omu.

Omu hupima jinsi spika inavyoukinza umeme. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba huwa omu 4. Mbili za omu 4 huwa omu 2. Hedi ya transista husukuma mkondo moja kwa moja hadi kwenye spika, kwa hiyo omu zikishuka, mkondo huongezeka, na ukipita kiwango transista huungua. Hiyo pia ndiyo sababu hedi ya wati 500 kwa omu 4 ikifungwa spika moja ya omu 8 hutoa pungufu, mara nyingi karibu 300. Ukiiacha bila spika yoyote, haidhuriki. Hedi ya valvu ina tabia ya kinyume kabisa. Valvu hufanya kazi kwa volti za mamia na mkondo mdogo, ilhali spika inataka volti chache na mkondo mwingi. Haziwezi kukutana mpaka transfoma ikae katikati. Ukipiga besi bila kufunga spika, nguvu iliyomo kwenye chuma cha transfoma hiyo hukosa pa kutokea. Volti za upande wa valvu hupanda ghafla hadi kutoboa vanishi inayotenganisha nyaya, na hapo ndipo kifaa cha ghali kuliko vyote ndani ya sanduku kinapokufa. Transista huogopa spika nyingi mno. Valvu huogopa kukosa spika. Asiyejua hilo anaweza kuiua hedi palepale dukani, akiijaribu.

Transfoma hiyohiyo ndiyo asili ya uzito. Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne hutetema kama mara 41 kwa sekunde, na mtetemo ukiwa wa polepole hudai chuma kingi. Kampuni ya Ampeg ilipotoa hedi ya valvu ya SVT mwaka 1969, ikiwa na wati 300 na valvu 14, hedi peke yake ilikaribia kilo 40, na mwaka huohuo bendi ya Rolling Stones ilizunguka nazo Marekani. Wapenzi wake husema wati za valvu ni kubwa kuliko za transista. Hapana, wati ni wati. Kinachotokea ni kwamba valvu ikilemewa hubana kilele cha wimbi kwa upole, na mpigaji anaendelea kuongeza sauti bila kuchukizwa, wakati transista hukikata ghafla na kila mtu akasikia mkwaruzo. Hiyo ni sifa ya kweli, ila haiandikwi kwa wati.

Hedi ndogo za siku hizi, za daraja D, zina kilo mbili au tatu na wati 500 au zaidi. Ndani yake transista haipandi na kushuka pamoja na wimbi. Inawaka na kuzima kabisa, mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, na umbo la sauti hubebwa na urefu wa kila muda wa kuwaka. Koili na kapasita mwishoni hulainisha mapigo hayo yakawa sauti tena. Joto linalopotea ni dogo, hivyo mapezi mazito ya kupozea hayahitajiki. Anayebeba vyombo kwa bodaboda ana haki ya kuzipenda, tena nyingi hukubali volti 100 hadi 240 bila kubadilishwa chochote. Hedi kuukuu ya Marekani ya volti 120 hudai transfoma ya kushushia umeme wetu, na hata hapo mizunguko ya umeme kwa sekunde inabaki 50 badala ya 60, kwa hiyo chuma chake hupata joto zaidi.

Hata hivyo, kwa mnunuzi wa kitu kilichotumika, mimi naweka mbele hedi ya transista ya zamani yenye transfoma kubwa ya kupokelea umeme. Vipuri vyake huonekana kwa macho. Kapasita iliyokauka, transista iliyoungua au swichi yenye kutu hubadilishwa na fundi redio mwenye mita na pasi ya kulehemu, pale Kariakoo au River Road. Ikifa ya daraja D, vipuri vyake vidogo kama punje za ulezi vimebanana kwenye bodi, mchoro mara nyingi hautolewi, na mteja huambiwa anunue bodi nzima, kwa bei inayokaribia ya hedi. Mara nyingi hedi nzima hutupwa. Inauma pia kuona masanduku ya bendi za dansi yakiozea stoo kwa hitilafu ya kapasita mbili. Watu husema uchakavu ni hatari, na ni kweli. Ndiyo maana hedi ifunguliwe kabla ya kulipiwa, harufu ya kuungua inuswe, na omu za spika zipimwe kwa mita, ambayo kwa spika ya omu 8 huonyesha kama 6. Hedi ikishapona itabeba kinanda, gitaa la kawaida, besi ya kwaya, maikrofoni ikibidi.