Tezi za Kwapani na Hekima ya Kukata Kidogo

Damu inapozunguka mwilini, sehemu ya maji yake hupenya kuta za mishipa myembamba na kuingia nyamani, na maji hayo, ambayo matabibu huyaita limfu, hukusanywa na mishipa yake mahsusi, yakapitishwa katika tezi moja baada ya nyingine, hata mwishowe yakarudishwa katika damu karibu na moyo. Tezi hizo ni mamia, nazo hukusanyika zaidi shingoni, kwapani na kinenani. Ndani yake chembe nyeupe za damu hupambana na vijidudu, na ndiyo sababu mtoto mwenye kidonda mguuni hutokwa na mtoki kinenani.

Lakini njia ipitishayo kheri hupitisha na shari, kwani saratani ya titi, inapoanza kuenea, aghalabu hutangulia kuingia katika tezi za kwapa. Mpasuaji William Halsted wa Baltimore, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, aliitakidi kwamba maradhi haya hutambaa kwa utaratibu, kutoka titini hadi kwapani, na kutoka kwapani hadi mwili mzima, basi akawa anaondoa titi, misuli ya kifua na tezi kwa pamoja. Itikadi hiyo iliwatawala wapasuaji kwa miongo mingi, hata mpasuaji Bernard Fisher na wenzake walipoanza, mwaka 1971, uchunguzi uliobainisha kwamba wanawake ambao tezi zao hazikuonyesha dalili ya ugonjwa hawakuzidishiwa umri kwa kuondolewa tezi zote mapema. Ikadhihirika kwamba faida kubwa ya kutoa tezi ni habari inayopatikana juu ya ugonjwa.

Na kama kinachotafutwa ni habari, hapana haja ya kuzitoa zote. Mpasuaji Donald Morton wa California alieleza mwaka 1992, kwa saratani ya ngozi, na mwenzake Armando Giuliano mwaka 1994, kwa saratani ya titi, namna ya kuitafuta tezi ya mlinzi, yaani ile ya kwanza kupokea limfu itokayo kwenye uvimbe. Mpasuaji hudunga rangi ya buluu titini, akafungua mkato mdogo kwapani, akaufuata mshipa uliogeuka rangi mpaka tezi yenyewe, akaitoa pamoja na jirani zake wachache ili ikapimwe kwa hadubini; na mgonjwa, kesho yake, huenda akaona mkojo wake umekuwa wa kijani, jambo lisilo na madhara. Tezi hiyo ikiwa safi, zilizobaki huachwa zilipo.

Hata hivyo, pale ambapo tezi zimevimba na sampuli iliyochukuliwa kwa sindano imethibitisha saratani, mara nyingi hulazimu kulisafisha kwapa, aghalabu kwa kutoa tezi 10 au zaidi, ilhali mpasuaji anachunga mishipa ya fahamu ya bega. Ngozi ya ndani ya mkono huweza kubaki na ganzi, na takriban mgonjwa 1 kati ya 5 huja kuvimba mkono, kwa kuwa limfu imekosa njia. Kwa waliotolewa tezi ya mlinzi tu, ni takriban 1 kati ya 20. Watu wa pwani wanaoyajua matende wanaijua hali hiyo, ingawa katika matende mwenye kuharibu mishipa ya limfu ni mnyoo uenezwao na mbu.

Kwa hiyo aliyefanyiwa upasuaji huu na autumie mkono wake, maana mazoezi ya taratibu hayazidishi uvimbe. Aoshe kila mchubuko, na mkono ukiwa mwekundu na wa moto, aende hospitali siku hiyo hiyo. Na anayesubiri upasuaji, kabla ya kutia sahihi ya kuukubali, amwulize mpasuaji: tezi ngapi zitatolewa, na kwa sababu gani? Huku kwetu Afrika Mashariki, ambako wengi hufika kwa tabibu ugonjwa umekwisha kuenea, rehema ya kukatwa kidogo huwakosa wale wanaochelewa. Basi mwanamke aliyegusa kivimbe titini asingoje mpaka kianze kuuma, kwani saratani ya titi mwanzoni mara nyingi haiumi.