Je, Wajua? Bahari Inaanzia Garissa

Je, wajua kwamba maji yanayopita chini ya daraja la Garissa yana safari moja tu mbele yao? Yanateremka hadi Kipini na kumwagika katika Ghuba ya Ungwana. Mkaazi wa Galbet, hapa Garissa, anayechota maji ya mto Tana ni jirani wa mvuvi wa Kipini, hata kama hawajawahi kuonana.

Je, wajua kamba wa Ungwana wanalelewa na mto huu? Kamba hutaga baharini, kisha watoto wake huingia kwenye mikoko ya delta, maji ya chumvi yanapokutana na maji baridi. Humo hujificha na kunenepa hadi wapate nguvu ya kurudi kwenye kina. Tope na rutuba ya mto ndiyo riziki yao. Kati ya 1968 na 1988, mabwawa 5 yalijengwa huko juu ya mto, kuanzia Kindaruma hadi Kiambere, yakazuia sehemu ya tope hilo na ya mafuriko yanayolileta. Kwa hiyo tunapojadili mafuriko ya Tana, na mara nyingi yametutoa majumbani, haifai tuwasahau wale wanaoishi kwa mafuriko hayohayo.

Na mkunga je, yule samaki wa mto aliye kama nyoka? Amezaliwa Bahari ya Hindi. Hufika mlangoni mwa mto akiwa mwembamba kama njiti, mwangavu hata uti wake unaonekana, akapanda. Huishi miaka mingi kwenye maji baridi, kisha hurudi baharini kutaga mara moja tu na kufa.

Je, wajua mwaka 2006 meli za trola zilisimamishwa Ungwana, baada ya wavuvi wadogo kulalamika kwa muda mrefu kwamba zinawakatia nyavu na kuzoa samaki wao? Mwaka uliofuata Kenya ilitunga kanuni za BMU, vikundi vya usimamizi wa fuo. Mwenye mashua, baharia na mchuuzi wa samaki hukaa kikao kimoja wakapanga nani avue, wapi, na kwa zana gani. Nchi imechelewa kuwapa nafasi hiyo, lakini imewapa.

Je, wajua ukivuka Hifadhi ya Boni, iliyo katika kaunti yetu ya Garissa, kisha Dodori, unafika Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa 1979? Humo Wabajuni wanaruhusiwa kuvua kwa zana za jadi. Hali ni tofauti kwenye mbuga za baharini kama Malindi ya 1968, ambako kuvua ni marufuku kabisa.

Lakini hadithi ninayoipenda zaidi iko Kuruwitu, Kilifi. Wazee waliona samaki wamepungua, wakaunda chama 2003, na 2005 wakafunga kipande cha bahari yao wenyewe, takriban hekta 30. Fikiria uzito wake: mtu anayekula kutokana na bahari anajizuia kuingia sehemu yake, akitumaini samaki watazaana humo na kuvuka mpaka hadi anapovua. Watu walibishana sana. Matumbawe yakarudi, samaki wakarudi. Eneo la namna hii huitwa tengefu, na mwaka 2017 Kuruwitu ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Wenzetu wa Ijara wanalifahamu wazo hili hata bila maji ya chumvi. Huko Ishaqbini, hifadhi ya jamii, wafugaji walikubali kutenga malisho kwa ajili ya swala aitwaye hirola, na 2012 hirola 48 wakaingizwa ndani ya uzio.

Je, wajua dema, mtego uliosukwa kwa fito, unaweza kuchagua samaki? Wavuvi wengine wa pwani huacha mwanya mwembamba uliosimama wima kwenye ukuta wake, upana wa sentimita chache. Samaki aitwaye tafi, akiwa mkubwa, hujaribu kupita, anakwama na kurudi nyuma. Tafi mchanga hulaza mapezi yake, bapa kama jani, akapenya na kurejea kwenye majani ya bahari.