UHAMISHAJI WA MAFAILI BAINA YA KOMPYUTA ZENYE MIFUMO TOFAUTI

Katika ofisi nyingi hivi sasa hukutana kompyuta za jamii mbali mbali. Kwenye meza ya mwandishi muhutasi huwapo mashine ya Windows, chumba cha seva kina mashine ya Linux, na mtayarishaji wa picha na vitabu hupendelea Mac. Zote huunganishwa na mtandao mmoja, na faili litokalo kwenye moja kwenda kwenye nyingine huonekana limefika. Lakini kufika ni jambo moja, na kufika likiwa zima ni jambo jengine. Ramani ya kiwanja isiyofunguka, au orodha ya mishahara iliyopungua, huenda haikuguswa na mtu yeyote. Imeharibika katika kuhamishwa, na nakala ya asili ikawa imekwisha kufutwa kabla ya kasoro kutambulikana.

Tatizo hili ni la tangu mwanzo wa mitandao. Mwaka 1971 Abhay Bhushan, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo cha MIT nchini Marekani, aliandika kanuni za kwanza za itifaki ya kuhamishia mafaili, ijulikanayo kwa herufi FTP, kwa ajili ya mtandao wa ARPANET. Mashine za wakati huo hazikuafikiana hata katika kuandika herufi A. Zile zilizofuata msimbo wa ASCII ziliiandika kwa nambari 65, na zile kubwa za IBM, zilizofuata msimbo wa EBCDIC, ziliiandika kwa nambari 193. Kwa sababu hiyo FTP iliwekewa njia zaidi ya moja za kupeleka faili, na kanuni zake za mwaka 1985 zimezihifadhi njia hizo.

Njia mbili ndizo zenye kuhitaji kufahamika. Njia ya baiti ni mfano wa tarishi aliyepokea bahasha iliyotiwa lakiri, akaifikisha kama alivyopewa. Njia ya matini ni mfano wa tarishi aifunguaye barua, akainakili upya kwa mwandiko aujuao mpokeaji, ndipo akaikabidhi. Kwa barua ya kawaida tarishi huyo wa pili ana faida yake. Kwa picha, ramani au faili lililobanwa, ni msiba.

Sababu yake ni alama ya mwisho wa mstari. Windows, kwa urithi wa DOS, humaliza kila mstari kwa alama mbili, nambari 13 na nambari 10. Linux na jamaa zake za Unix hutumia 10 pekee. Mac za zamani, kabla ya mfumo mpya wa mwaka 2001, zilitumia 13 pekee. Alama hizo zimetokana na teleprinta, ambamo moja ilirudisha kichwa cha kuchapia mwanzoni mwa mstari na nyingine ikasogeza karatasi. Basi waraka wa mistari 1,000 ukitoka Linux kwenda Windows kwa njia ya matini huongezeka baiti 1,000, na hivyo ndivyo ipasavyo. Lakini ndani ya picha, nambari 10 si mwisho wa mstari wowote. Ni sehemu ya rangi au ya kipimo. Ikichomekewa 13 mbele yake, picha imekwisha. Wala si rahisi kuirejesha, kwani baadhi ya 13 zilikuwamo tangu asili na hakuna cha kuzitambulisha na zile zilizozidishwa.

Hivyo basi, yafaa kila faili lipelekwe kwa njia ya baiti, ambayo katika programu nyingi za FTP huchaguliwa kwa amri ya binary, na mpokeaji ageuze matini mwenyewe akihitaji. Matini yasiyogeuzwa huleta udhia tu: hadi mwaka 2018 programu ya Notepad iliuonyesha waraka wa Linux kama mstari mmoja usiokwisha.

Majina ya mafaili nayo yana hatari yake. Kwa Linux, Ripoti na ripoti ni mafaili mawili. Kwa Windows ni jina moja. Yakihamishwa yote mawili katika folda moja ya Windows, zipo programu zitakazoandika la pili juu ya la kwanza bila ya kuuliza. Aidha, nukta mbili na alama ya kuuliza hukubaliwa na Linux lakini hukataliwa na Windows, na mkwaju, uliozoeleka sana katika nambari za kumbukumbu za masjala, haukubaliwi na mfumo wowote kati ya hiyo miwili. Kistari kinatosha mahali pake.

Katika herufi, Kiswahili kina bahati, kwani huandikwa kwa herufi za kawaida. Penye ng' ndipo pa kuangaliwa: ikiwa koma yake ni ya kupinda, hutokea vijialama vitatu visivyosomeka pindi waraka wa UTF-8 unapofunguliwa kwa msimbo wa zamani wa Windows. Nyaraka za herufi za Kiarabu huathirika zaidi, kwa kuwa misimbo yake ya zamani ilikuwa mingi. Zihifadhiwe kwa UTF-8.

Usalama una uzito zaidi ya yote hayo. FTP ya asili hupitisha neno la siri wazi wazi, na aliyekaa kwenye mtandao huo huo aweza kulisoma. Vivinjari vya Chrome na Firefox viliiacha mwaka 2021. Badala yake ipo SFTP, ipitayo ndani ya SSH, iliyobuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen nchini Finland baada ya maneno ya siri kuibwa katika mtandao wa chuo chake. SFTP hufunika kila kitu na kwa kawaida huliacha faili baiti kwa baiti. Linux na Mac zinayo, na Windows 10 imekuwa nayo tangu mwaka 2018.

Ofisi zitumiazo folda ya pamoja hutegemea itifaki ya SMB ya Windows, na seva ya Linux huizungumza kwa programu ya Samba, aliyoianza Andrew Tridgell huko Canberra, Australia, kwa kuchunguza mazungumzo ya mashine zenyewe. Toleo la kwanza la SMB lizimwe popote lilipobakia. Mwezi wa Mei 2017 virusi vya WannaCry vilipita humo na kufunga kompyuta katika nchi zaidi ya 100, zikiwamo za hospitali za Uingereza, ilhali marekebisho yalikwisha kutolewa tangu Machi.

Kabla ya kufuta asili, pande zote mbili zilinganishe hesabu ya SHA-256 ya faili. Kwenye Linux amri ni sha256sum, kwenye Mac ni shasum -a 256, zote zikifuatiwa na jina la faili. Kwenye Windows ni certutil -hashfile, kisha jina la faili na neno SHA256. Kila moja hutoa mstari wa herufi na tarakimu 64. Mistari ikifanana, faili limefika kama lilivyotoka. Ikitofautiana, lipelekwe upya. Kwa matini yatakayogeuzwa, hesabu ichukuliwe kabla ya kugeuzwa, kwani baada ya hapo itatofautiana hata kama hakuna neno lililopotea.