Taazia ya Msomi: Kumkumbuka Euphrase Kezilahabi (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza tanzia, yaani tangazo la kifo linalotaja jina la marehemu, jamaa zake na mahali pa maziko. Sehemu hii inahusu taazia, yaani maandishi ya maombolezo yanayowaliwaza wafiwa na kueleza mchango wa marehemu, hasa yale yanayoandikwa kwa ajili ya mwalimu aliyekwisha kustaafu. Mstaafu hufariki wakati wanafunzi wapya hawamjui tena kwa sura. Wema na ukarimu wake hubaki vifuani mwa wachache waliofanya naye kazi, ilhali maandishi yake yanaweza kumfikia hata asiyepata kumwona.

Profesa Euphrase Kezilahabi, aliyefariki dunia Januari 2020 akiwa na umri wa miaka 75, ni mfano ulio wazi. Alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, akasoma katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafundisha hapo kwa miaka mingi, kisha katika miaka ya 1990 akahamia Chuo Kikuu cha Botswana. Shahada yake ya uzamivu aliipata Marekani, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mwaka 1985, kwa utafiti uliohusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kuifasiri fasihi.

Jina lake linafungamana kwanza na mgogoro wa ushairi. Kwa mapokeo, shairi la Kiswahili huongozwa na vina, yaani silabi zinazofanana katikati na mwishoni mwa mistari, na mizani, yaani idadi maalumu ya silabi, ambayo aghalabu ni 16 katika kila mstari, zikigawanyika nane kwa nane. Kezilahabi, katika diwani yake ya Kichomi iliyotoka mwaka 1974, aliziacha kanuni hizo na kuyajenga mashairi juu ya taswira na mapigo ya mazungumzo ya kawaida. Wanamapokeo walisema kwamba utungo usio na vina na mizani si shairi. Wanamabadiliko, wakiwamo washairi Mulokozi na Kahigi, walijibu kwamba vina na mizani ni pambo tu, wala si uti wa mgongo wa ushairi. Mjadala huo uliwalazimisha watu wa pande zote mbili kueleza kwa hoja mambo ambayo awali yalichukuliwa kuwa hayahitaji maelezo, na faida hiyo imebaki katika taaluma hadi leo.

Katika riwaya pia hakutulia mahali pamoja. Rosa Mistika ya mwaka 1971, inayoonyesha jinsi ukali wa baba unavyoweza kuchangia maangamizi ya binti, ilipigwa marufuku shuleni kwa muda. Gamba la Nyoka ya mwaka 1979 ilichunguza utekelezaji wa siasa ya vijiji vya ujamaa. Nazo Nagona na Mzingile ziliuacha usimulizi wa moja kwa moja na kuingia katika ndoto, visasili na maswali kuhusu ukweli na kuwapo kwa binadamu.

Hata hivyo, jambo linaloifundisha zaidi jamii ya wasomi namna ya kumkumbuka ni lile alilolifanya yeye mwenyewe kwa mtangulizi wake. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na katika miaka ya 1970 Kezilahabi alitumia tasnifu yake ya uzamili kuzichambua riwaya za mwandishi huyo, akizipima kama kazi za sanaa badala ya kuzisifu tu kwa sababu ya ukubwa wa jina lake. Heshima ya namna hiyo ni ngumu, kwa maana humdai mwombolezaji asome, aulize na pengine apinge, lakini ndiyo inayomstahili mtu aliyeitumia elimu yake kuuliza maswali. Kwa hiyo idara inayompoteza mwenzao aliyestaafu itimize kwanza wajibu wa mazishi na rambirambi, kisha izikusanye kazi zake, izifundishe, na iwaachie wanafunzi uhuru wa kubishana naye kama alivyobishana yeye na waliomtangulia.

(Itaendelea)