Muziki humsaidia mwenye skizofrenia, lakini si badala ya dawa

SKIZOFRENIA ni ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo, aamini yasiyo ya kweli na mara nyingi ajitenge na wenzake. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa unawapata zaidi ya watu milioni 20 duniani.

Dawa hupunguza sauti hizo, lakini mara nyingi hazimrudishii mgonjwa ari ya kukaa na watu. Hapo ndipo tiba ya sanaa huongezwa: mgonjwa huchora, hufinyanga au hupiga muziki akiongozwa na mtaalamu.

Matokeo yake hayalingani. Mapitio ya tafiti 18 yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2017 yalionyesha kuwa muziki, ukiambatana na matibabu ya kawaida, waweza kuboresha hali ya mgonjwa. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2012, uliohusisha wagonjwa 417, haukuona nafuu katika uchoraji wa vikundi.

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ambako Wakurya hupiga litungu, ala ya nyuzi nane, muziki hauhitaji kuagizwa mbali. Hata hivyo, mgonjwa aliyechangamka ngomani asikatishiwe dawa; akiziacha, ugonjwa huweza kurudi.