Mbwa Mwenye Mstari Mgongoni

Apitaye usiku Kivukoni, au nyuma ya maduka ya Kariakoo, haikosi humwona mlinzi na koti lake, rungu lake, na pengine mbwa wake. Juu ya mbwa huyo mlinzi huambiwa neno moja tu: ni mkali. Leo twapenda kumweleza mbwa mmoja mkubwa wa ulinzi ambaye asili yake imo humu humu Afrika, ingawa jina lake lamsahaulisha mtu jambo hilo.

Ulimwengu humwita Rhodesian Ridgeback. Mgongoni ana mstari wa manyoya yaliyolala kuelekea kichwani badala ya mkiani. Dume husimama sentimita 63 hadi 69 begani, na rangi yake ni ya ngano.

Mstari huo haukuja kwa merikebu. Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika walikuwa na mbwa wa namna hiyo, wa kuwinda na kulinda maboma, kabla ya Wazungu kufika Rasi na mbwa wao wakubwa. Mbegu zikachanganyika. Katika miaka ya 1870 mmisionari Charles Helm alichukua majike wawili kutoka Rasi hadi Hope Fountain, karibu na Bulawayo, na mwindaji Cornelius van Rooyen akawatumia kuzalisha mbwa wa kuwindia simba. Mwaka 1922 wafugaji wakakutana Bulawayo, wakaandika sifa zake. Na jina la nchi iliyoitwa kwa Cecil Rhodes likamganda. Nchi hiyo ikawa Zimbabwe mwaka 1980. Mbwa angali na jina lile lile, na Mkhoikhoi aliyemlea kwanza hatajwi. Sisi hatulioni hilo kuwa jambo dogo.

Wako wasemao kwamba mbwa huyu huua simba. Si kweli. Kazi yake ilikuwa kumzunguka simba, kumbabaisha na kumzuia mpaka mwenye bunduki afike. Kazi hiyo yataka hadhari kuliko hasira. Hata leo sifa zake zilizoandikwa zataka awe mwenye heshima, asiyejipendekeza kwa mgeni, wala asiwe mchokozi au mwoga.

Kwa miaka mingi wafugaji waliwaua watoto waliozaliwa bila mstari, wakiwaona wana kasoro. Mwaka 2007 wataalamu walionyesha kwamba mstari watokana na kipande cha urithi kilichojirudia, na kwamba mtoto akirithiye kwa wazazi wote wawili ndiye aliye katika hatari zaidi ya kuzaliwa na tundu la ngozi liwezalo kushuka hadi karibu na uti wa mgongo. Basi wasio na mstari ndio waliokuwa salama na ugonjwa huo!

Twarudi kwa mlinzi wetu. Kumfunga mbwa mnyororo mchana kutwa na kumnyima chakula ili awe mkali ni kumharibu, na meno yake hayamchagui mtu. Mwenye mali yu kitandani. Aumwaye ni mlinzi mwenyewe, au mchuuzi aendaye alfajiri Soko la Samaki la Feri. Jeraha lioshwe papo hapo kwa maji tele na sabuni dakika 15, kisha mtu aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo, kwani dalili za kichaa cha mbwa zikishaonekana ni nadra mno mtu kupona. Gharama ya kumchanja mbwa ni ya mwajiri. Na mlinzi asishike kamba kabla hajaonyeshwa cheti cha chanjo na tarehe yake.